Zege Halilali, Lakini Pampu Inaweza Kusimama

Hotuba kwa mafundi, maopereta wa pampu na wakandarasi wadogo, Dar es Salaam, katika wiki ya Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani

Mgeni rasmi, waheshimiwa wahandisi, ndugu wakandarasi, maopereta, mafundi, na ninyi saidia fundi mliojibana kule karibu na mlango: habari za asubuhi. Walio mlangoni naomba wasogee mbele, viti vipo. Leo nazungumza na watu wa mpira wa pampu ya zege, na sitaki nipige kelele.

Waandaaji waliniomba nizungumzie pampu za zege kwa ujumla. Nimewaomba radhi. Pampu kwa ujumla ina vitabu vyake na ina mafundi wake wa haidroliki. Historia yake pia ni ndefu: Mjerumani Max Giese na mwenzake walisukuma zege kwa pampu tangu mwaka 1927, na kule Dubai, kwenye Burj Khalifa, zege lilipandishwa zaidi ya mita 600. Hayo mtayasoma wenyewe. Mimi nimechagua kipande kimoja tu: ule mpira wa mwisho, wa mita tatu au nne, unaoning'inia kwenye ncha ya mkono wa pampu, ule mkono mrefu wa chuma unaobeba bomba la zege, pamoja na mipira tunayoilaza juu ya nondo tunapotumia pampu ya kukokotwa.

Nimeuchagua kwa sababu katika mashine nzima hicho ndicho kipande pekee ambacho binadamu anakishika kwa mikono yake huku zege linapita ndani. Halafu tazameni tunavyokitendea. Injini ina daftari la sevisi. Opereta tunamdai leseni na cheti. Mpira tunaununua mwisho kabisa, baada ya kubembelezana bei dukani, na tunamkabidhi kibarua aliyeokotwa getini asubuhi ileile. Swali tunalomuuliza ni moja: una buti?

Tuanze na uzito, maana wengi wanaoushika hawajawahi kuambiwa wameshika nini. Mpira wa inchi 5, yaani milimita 125 kwa ndani, ukijaa unabeba karibu kilo 30 za zege kwa kila mita. Mita tatu ni kilo 90 hivi, na hapo hujahesabu uzito wa mpira wenyewe. Mpira wa inchi 4 unabeba karibu kilo 19 kwa mita. Kwa hiyo ukiona kijana anasukumwa na mpira huku na huku, usimwambie ale ugali. Yule anacheza na mzigo unaomzidi yeye mwenyewe, na mzigo huo umeshikwa na mkono wa chuma ambao opereta akigusa kitufe kidogo tu, ncha yake inaruka nusu mita.

Presha sasa. Kwenye bomba la inchi 5, presha ya bar 30 wala si kubwa kwa pampu za siku hizi. Lakini zege likiganda mahali na njia ikaziba, bar 30 hizo zinasukuma kizibo kile kwa nguvu inayolingana na mzigo wa zaidi ya tani tatu na nusu. Ndiyo maana nasema klampu, kile kibano kinachounganisha mabomba na mipira, haifunguliwi wakati kuna presha ndani. Haifunguliwi hata kama msimamizi anafoka, hata kama lori jingine la zege limeshafika getini na dereva wake anapiga honi.

Hatari kubwa kuliko zote kwenye mpira, hata hivyo, haitoki kwenye zege. Inatoka kwenye hewa. Zege ukilibana halipungui, na presha ikiondoka linatulia palepale. Hewa inabanwa, inajikunja, inasubiri. Ikifika mdomoni mwa mpira inatoka yote kwa mara moja, na mpira unachapa kama puto ulilolijaza pumzi ukaliachia kabla hujalifunga, isipokuwa puto hili lina kilo 90 na zaidi. Anayesimama karibu anapigwa kichwani au kifuani, na kama yuko pembezoni mwa slabu ya ghorofa ya nne, anasukumwa nje. Watu wamekufa hivyo katika nchi zenye sheria kali na kofia nzuri kuliko zetu.

Hewa hiyo inaingiaje? Inakuwemo kwenye bomba kabla ya kazi kuanza. Inaingia tunapofungua bomba kutoa kizibo. Inaingia pia tunaporudisha pampu nyuma. Na kuliko kote, inaingia pale hopa, lile beseni la pampu linalopokea zege kutoka kwenye lori, inapoachwa ikakauka. Hapo ndipo ninapomtafuta mtu wa hopa, kama yupo humu ndani. Ndugu yangu, wewe uko chini karibu na lori, mwenzako yuko juu kwenye slabu, hamwonani. Ukiliacha zege lishuke chini ya mapanga ya kukorogea, pampu inameza hewa, na dakika chache baadaye mtu ambaye hata jina lake hulijui anapigwa na mpira. Ukiona zege limeshuka, simamisha. Usingoje lori limalize kurudi nyuma. Na kama pampu imeshameza hewa, piga kelele: wote wa juu waachie mpira na wasogee mbali, opereta arudishe nyuma kidogo, kisha aanze taratibu mno mpaka hewa iishe.

Mwanzo wa kazi ni hivyohivyo. Mpira unaning'inia wenyewe, wima, huru, bila mtu. Wote wanakaa nje ya duara ambalo upana wake kutoka katikati ni urefu wa mpira, na mimi naongeza mita mbili kwa sababu sijawahi kuona mpira unaosoma vipimo. Kwanza unatoka uji wa saruji wa kulainisha njia. Uji huo unapokelewa kwenye ndoo au toroli na kutupwa, haumwagwi kwenye nguzo ya mtu. Zege likishatoka mfululizo, bila kukohoa, ndipo mshika mpira anasogea. Kabla ya hapo hana kazi pale.

Na akishausogelea, naomba mnisikilize kwa makini kwenye hili. Ule mpira umefungwa kamba ya kuuongozea. Nimewaona vijana wanaizungusha kamba ile kwenye kiganja mara mbili tatu ili isiteleze. Mkono ukishazungushwa kamba, siku mpira ukiruka mnakwenda wote. Kamba inashikwa wazi, vidole vinaweza kuachia. Usiukumbatie mpira kati ya mapaja. Usisimame kati ya mpira na nguzo au ukuta, maana mkono wa pampu ukiyumba utakubana hapo. Usitembee kinyumenyume juu ya nondo bila mwenzako wa kukuangalizia nyuma. Ukitaka mpira uende kushoto, mwambie opereta aupeleke. Kuuvuta kwa nguvu za kifua ni kujichosha bure.

Mdomo wa mpira hauzamishwi ndani ya zege, wala haukunjwi ili kupunguza mtiririko. Najua kwenye nguzo nyembamba watu wanaukunja, wanasema wanalidhibiti zege. Mnadhibiti nini? Mnatengeneza kizibo, na kizibo kikiachia hamtapata muda wa kuuliza kilikuwa wapi. Na kwenye mpira wa mkono wa pampu, mdomo wa nje usiwe na pete ya chuma wala klampu. Chuma kile kikigonga kichwa, kofia haitoshi. Wala usiuongeze urefu kwa kuunganisha mpira mwingine ili ufike kona ya mbali. Mkono wa pampu umepigiwa hesabu ya mzigo fulani, na kila mita unayoongeza inakaa kwenye ncha kabisa, mahali ambapo uzito unaumiza zaidi.

Nyaya za umeme nazitaja haraka tu kwa sababu mnazijua. Mimi sikubali mkono wa pampu usogee chini ya mita 6 kutoka kwenye waya. Umeme ukipita, anayekufa mara nyingi si opereta mwenye rimoti. Ni yule aliyeshika mpira wenye zege bichi.

Tuje kwenye kuziba, maana hapo ndipo hasira zinapopanda. Mpira unaziba kwa sababu kadhaa, na nyingi zinaanzia kwenye mchanganyiko. Kanuni ya zamani inasema kipenyo cha ndani cha njia nzima, kuanzia bomba hadi mpira, kiwe angalau mara tatu ya kokoto kubwa kuliko zote ikiwa kokoto ni za kusaga. Zetu ni za kusaga. Zile za machimbo ya Lugoba zina kona kali. Kokoto za robo tatu ya inchi ni milimita 20 hivi, kwa hiyo zinadai mpira wa milimita 60 kwenda juu. Sasa mtu anakuja na mpira wa inchi 2, anatia robo tatu, halafu anailaumu pampu. Mpira wa inchi 2 ni wa zege lenye kokoto ndogo au la kujazia mashimo ya tofali. Upe kazi yake.

Likikwama, dawa ya mtaani ni kuongeza maji. Maji yanatenganisha uji na kokoto. Uji unapita, kokoto zinabaki zimeshikana mabega, na mpira unaziba vizuri zaidi kuliko mwanzo. Tena umeliharibu zege la mteja. Rudisha pampu nyuma mara moja au mbili, jaribu tena kwa upole. Ikikataa, rudisha nyuma uondoe presha, hakikisha presha imeondoka kweli, kisha tafuta kizibo. Kwenye bomba la chuma unagonga na kusikiliza: palipo wazi panalia, palipoziba pana sauti nzito. Kwenye mpira unaminya kwa kiganja. Palipoziba pamekaza kama jiwe. Klampu inafunguliwa na mtu aliyesimama pembeni, uso umegeuzwa, miwani machoni.

Kizibo kingine kinatoka kwenye klampu yenyewe. Mfereji wa pete ya chuma iliyo mwishoni mwa bomba au mpira ukiwa na zege kavu la wiki iliyopita, klampu inafunga nusu, gasketi ya kuzuia kuvuja haikai sawa, uji unavuja tone tone. Watu wanaona ni kuchafuka tu. Uji ule ndio mafuta ya safari. Ukivuja, zege linalobaki ndani linakauka na kukwama palepale baada ya kiungo. Kwa hiyo safisha mfereji kwa brashi ya waya, lowesha gasketi kwa maji ya sabuni, funga, na weka pini ya usalama. Pini, si kipande cha nondo.

Sasa niwaeleze nilichokiona juzi kwenye yadi moja, sitaitaja. Walikuwa wanalalamika kwamba pampu yao inaziba, ukirudisha nyuma inazibuka, ukisukuma mbele inaziba tena. Walishabadilisha kokoto na wakagombana na muuza mchanga. Mpira ulikuwa pale, umeoshwa, nje unang'aa kama wa jana. Nikaomba tochi, nikapiga magoti nikachungulia. Kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye pete, bitana ya ndani ilikuwa imeachana na nyuzi na kufanya ulimi. Zege likija, ulimi unainuka na kufunga njia. Ukirudisha nyuma, unalala. Nikauliza nani amewahi kuugonga mpira huu kwa nyundo. Kimya. Halafu mzee mmoja akasema, lakini baba, zege lilikuwa limekauka ndani, tungefanyaje?

Jibu lake ni kwamba zege lisikauke ndani. Mpira una tabaka: ndani bitana ya mpira unaohimili msuguano, katikati nyuzi za kitambaa au za chuma zinazobeba presha, nje ngozi ya kuzilinda nyuzi hizo. Nyundo inavunja zege, na inaachanisha tabaka. Mchana wa Februari hapa Dar joto linazidi nyuzi 30, zege likitulia ndani ya mpira mweusi juani halikusubiri ule pilau. Kama kuna kusubiri, sogeza pampu kidogo kidogo kila baada ya muda, mbele na nyuma, na ifunike mipira na mabomba kwa magunia yaliyoloweshwa. Kazi ikiisha, osha saa hiyohiyo kwa sponji ya duara inayosukumwa na maji. Wanaopenda kusafisha kwa hewa ya kompresa nawaomba waachane nayo kama maji yapo. Na kama lazima iwe hewa, iwe kwa mtu aliyefunzwa, mpira wa mwisho umeondolewa kwanza, na kikapu cha kudakia sponji kimefungwa. Sponji ikitoka kwa hewa inatoka kama risasi.

Kuna uharibifu mwingine wa polepole ambao hatuuoni kwa kuwa tumeuzoea. Ukiweka mpira chini juu ya nondo, kila pigo la pampu linausogeza mbele na kuurudisha, sentimita chache tu. Chini yake kuna ncha za waya wa kufungia nondo, zimesimama juu. Kuanzia asubuhi hadi saa saba zile ncha zinasaga palepale. Jioni ukiugeuza mpira unakuta mchaniko umefika kwenye nyuzi, na nyuzi za chuma zikishaona maji zinapata kutu, hasa hapa kwetu karibu na bahari. Tairi bovu mbili tatu na vipande vya mbao chini ya mpira vinamaliza tatizo hilo, na havigharimu kitu. Pia usiuweke mpira kwenye mdomo wa pampu. Presha kubwa iko pale, hapo ni mahali pa bomba la chuma. Mpira una ukinzani karibu mara tatu ya bomba la chuma la urefu uleule, kwa hiyo mipira mingi isiyo na sababu ni kuitesa mashine.

Oili chafu mnayopaka kwenye mbao za fomu ni adui wa mpira, na dizeli pia. Vinaufanya uvimbe na kulegea. Mpira ukigusa oili, uoshe kwa sabuni. Stoo iwe na kivuli, mbali na mahali pa kuchomelea. Mpira ulazwe ukiwa umenyooka au kwenye duara pana, usitundikwe kwenye msumari. Umwage maji yote, uzibe midomo yote miwili, la sivyo unafuga mbu.

Kila mpira upakwe namba na uwe na ukurasa wake kwenye daftari: ulinunuliwa lini, umepitisha lori ngapi, umekaguliwa na nani. Mkaguzi aangalie uvimbe, mchaniko uliofika kwenye nyuzi, pete iliyosogea kutoka mahali pake, sehemu iliyolegea ukiiminya, na achungulie ndani kwa tochi. Kimojawapo kikionekana, mpira unatoka kazini siku hiyo. Na ukatwe vipande viwili kabla ya kutupwa. Mpira mbovu ukiachwa mzima nyuma ya stoo utarudi tu siku ya dharura, na siku ya dharura ndiyo presha inakuwa kubwa.

Niseme na wakandarasi sasa, na mgeni rasmi anisaidie. Tuna msemo wetu, zege halilali. Ni msemo mzuri, umejenga nchi hii. Lakini umegeuzwa fimbo ya kumkatazia mshika mpira asiseme "simama". Kanuni iliyozoeleka inalipatia zege la lori dakika 90 tangu maji yagusane na saruji, kwenye joto letu tuseme chini ya hapo. Kusimama dakika tano kubadilisha gasketi hakulazi zege lolote. Na hata mshono ukitokea kwenye slabu, pale zege jipya linapokutana na lililoanza kukauka, mhandisi anajua jinsi ya kuushughulikia. Shingo ya mtu haina utaratibu huo.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaingie kwenye mikataba na kwenye maelezo ya asubuhi. Mshika mpira awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, aliyefunzwa, anayelipwa kama fundi, si kama mbeba ndoo. Awe na miwani, glovu na maji safi ya kunawa karibu, maana saruji inachoma ngozi na macho taratibu. Ikiingia jichoni, suuza palepale kwa maji mengi dakika 20, kisha katafute daktari, usifikiche. Mtu yeyote kwenye slabu akiinua mikono miwili, opereta anasimamisha, bila kuuliza. Lakini kuanzisha tena ni kwa ishara ya mshika mpira peke yake, hata kama anayetaka kuanza ni mwenye jengo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tayari inamdai mwajiri mafunzo na vifaa. Hili la nani anasema "anza" tunaweza kulimaliza wenyewe, leo, bila kusubiri bunge.

Nimeleta mipira mitatu, iko hapo nje chini ya mwembe. Mmoja mzima, mmoja wa mashaka, na mmoja nimeupasua kwa urefu ili mwone bitana, nyuzi na ngozi. Ule wa mashaka sitawaambia una nini. Mtauminya, mtauchungulia, halafu kila kikundi kitaniambia kama kingeupeleka kazini kesho. Wenye tochi kwenye simu wawashe. Maswali tuulizane hukohuko.